Siku moja maishani mwangu: kuku 160, nyasi za Mutuini na mvua ya Mei

Saa kumi na nusu alfajiri

Taa ya bandani huwashwa na taima kabla sijatoka kitandani. Naiona kutoka dirisha la jikoni, doa la njano ndani ya ukungu. Majirani walidhani nimeiweka kwa ajili ya wezi, lakini ni ya mayai. Nairobi iko kidogo tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na kuku wa mayai anataka mwanga wa saa 14 hadi 16 ndipo atage vizuri. Zile saa mbili naziongeza alfajiri. Taa ikizimika ghafla usiku, kuku hukwama sakafuni gizani bila kuona fito za kulalia. Jioni nawaachia jua liwaingize lenyewe, polepole.

Navaa gambuti, nachukua tochi, nakwenda kuwatafuta siafu.

Mei ni mwezi wao. Udongo mwekundu wa huku Mutuini, Dagoretti, ukishiba maji, wanahama. Mwaka jana wakati kama huu waliingia bandani usiku nikiwa nimelala fofofo, na kulipokucha nilihesabu kuku 11 waliokufa. Kuku haoni gizani, kwa hiyo hakimbii. Hubaki hapo hapo akiliwa. Siku ile niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nikalia, kisha nikaokota mmoja mmoja. Tangu hapo sijawahi kuruka zamu hii ya alfajiri.

Leo wapo. Msafara mweusi mnene kama kamba unapita kando ya ua wa kaiyaba, ile miti ya miiba, hatua kama 20 kutoka bandani, ukielekea bondeni. Banda langu liko juu ya magurudumu ili lihamike; nayazungushia jivu kavu, napaka grisi kwenye mihimili. Nasimama kuwatazama hadi niridhike kwamba hawageuki.

Saa kumi na mbili na nusu

Kumepambazuka. Nina makundi mawili: 90 wa kahawia, wale chotara wa mayai, na 70 wa kienyeji kilichoboreshwa. Hawa wa pili bado ni wachanga kwenye kazi ya kutaga, kwa hiyo nawazuia ndani hadi saa tatu ili wazoee viota. Wa kahawia ni wakongwe. Hao nawafungulia alfajiri.

Nimefungua mlango huu kwa miaka minne sasa na bado moyo hudunda kidogo. Kuku aliyefungiwa ndani ya banda zuri hapatwi na mbwa koko wala mvua, na hatagi vichakani. Daktari wa mifugo anayenihudumia ameniambia hivyo waziwazi, tena kwa nia njema. Lakini nikiwaona wakishuka ule ubao, mmoja akinyoosha bawa na mguu wa upande mmoja kama mtu anayejinyoosha kitandani, wengine wakianza kuparura mara moja, jibu langu kwake halibadiliki: nitaendelea kuwafungulia.

Saa mbili asubuhi

Leo ni siku ya kuhamisha banda. Shamba ni robo tatu ya ekari, la mama mkwe wangu, nami nimeligawa vipande 12. Kila kipande hukaliwa siku tatu, kisha hupumzika zaidi ya mwezi. Kinyesi hakirundikani mahali pamoja, na vijidudu vya kuhara damu, ambavyo hupenda joto na unyevu, hukosa kuku wa kuwaingia.

Karatasini ni rahisi. Kwenye matope ya Mei, gurudumu la nyuma limezama hadi katikati, na mimi na kijana anayenisaidia tumesukuma nusu saa nzima. Tulipachika mbao mbili chini yake, tukahesabu moja, mbili, tatu. Likatoka kwa kishindo, kuku wa ndani wakapiga kelele kama soko. Kisha tukasogeza wavu wa umeme wa sola na kufyeka nyasi zinazougusa, maana nyasi mbichi zikiegemea wavu umeme wote hunywea ardhini na mbwa hasikii kitu.

Nyasi zenyewe ni zile zinazotambaa, nyasi za Kikuyu. Zikirefuka hukakamaa, na kuku akizimeza ndefu huziba gole, ule mfuko wa chakula wa shingoni. Kwa hiyo kabla ya kuku kuingia kipande kipya, kondoo wanne wa shosho, bibi mzee wa jirani, hutangulia siku mbili kuzipunguza. Yeye anashibisha kondoo, mimi napata nyasi laini za urefu wa kidole.

Hapa niseme jambo linalonichosha kulisikia. Wageni hutazama kuku wakidonoa nyasi na kusema, “Wewe basi huna gharama, wanajilisha.” Kuku si ng'ombe. Hana matumbo manne ya kugeuza nyasi kuwa nguvu. Nyasi na wadudu humpa vitamini, rangi ya kiini, shughuli na furaha, lakini yai linajengwa kwa protini na chokaa iliyo kwenye chakula. Kuku wangu mmoja hula gramu 120 hivi kwa siku, awe nyasini au asiwe. Kuku 160 humaliza kilo 19. Gunia la kilo 50 nalinunua shilingi 3,100. Piga hesabu: karibu shilingi 1,190 kila siku, mvua inyeshe au jua liwake, watage au wasitage.

Saa nne

Kuokota mayai ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Joto la yai lililotoka kutagwa, ukiliweka shavuni asubuhi ya baridi, hunituliza.

Leo ni 104. Jana 105, juzi 106. Mwanzoni mwa mwezi nilikuwa napata 110 na zaidi. Yai moja moja linalopungua halipigi kelele, bila daftari nisingejua. Nimeligeuza geuza daftari hilo wiki nzima. Baridi? Bado haijakolea. Ugonjwa? Wanakula, upanga wa kichwani ni mwekundu, kinyesi kizuri. Kilichobadilika ni magunia ya chakula, nilinunua mapya siku tisa zilizopita.

Mayai ya mvua huja na matope, kwa sababu miguu inayoingia kiotani ina matope. Nimeongeza maranda makavu kwenye viota, na bado 19 yalikuwa machafu. Siyaoshi kwa maji baridi. Ganda la yai lina maelfu ya matundu madogo na utando mwembamba unaoyaziba; ukiliosha kwa maji baridi unaondoa ule utando na kuuvuta uchafu ndani. Nayafuta kwa brashi kavu. Sita yalikuwa machafu mno, hayo yamebaki nyumbani.

Saa sita mchana

Nimekwenda kwa mwenye duka la agroveti, anayeniuzia chakula cha kuku, nikiwa na mfuko wa chakula mkononi na daftari kwapani. Nilishaamua moyoni. Nilimwambia, mbele ya wateja wengine wawili, kwamba chakula chake kimepungua nguvu na kinanila pesa.

Hakupandisha sauti. Alisema, “Mama, hebu tuangalie pamoja.” Alinusa, akakisugua kiganjani, akaniomba nami ninuse. Hakikuwa na ukungu. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi msimu huu, maana mahindi yasiyokauka sawasawa hushika sumukuvu, na sumu hiyo huumiza ini la kuku polepole kabla hujaona chochote nje. Alinionyesha tarehe ya gunia na kusema wateja wengine wa shehena hiyo hawajalalamika. Sikuridhika. Nilinunua kichupa cha chanjo ya kideri, ugonjwa wa Newcastle, akakifunga na barafu, nikatoka bila kumuaga vizuri.

Chanjo hiyo huirudia kila miezi mitatu. Kichupa ni cha dozi 200, kuku wangu ni 160, na zile 40 zinazobaki huenda kwa kuku wa shosho. Si sadaka. Kuku wake hutembea njia nzima, na wangu wako nje wakipigwa na upepo huo huo. Kideri kikiingia kwake leo, wiki ijayo kiko kwangu. Tutawanywesha Jumamosi asubuhi, kwa maji ya mvua yasiyo na dawa ya mfereji.

Saa nane

Boda imenipeleka Kawangware na trei saba, kisha Lavington. Trei yangu ya mayai 30 ni shilingi 600. Dukani karibu na kwangu, trei ya mayai ya gredi, yale ya kuku wa kisasa wanaofungiwa, ni 380, na mayai kutoka Uganda yakiingia kwa wingi hushuka tena. Simlaumu mtu anayenunua ya 380. Mwenye kibanda cha mayai boilo na kachumbari hawezi kununua yangu na bado apate faida.

Mteja mpya wa Lavington, mama mmoja mpole, alifungua trei akanyamaza. “Haya ni ya kahawia. Kienyeji si huwa meupe?” Huulizwa hili kila wiki. Rangi ya ganda inatokana na aina ya kuku, hata akilala nyasini au kwenye kizimba cha waya. Alinipa bakuli, nikavunja moja. Kiini kilisimama, njano iliyokolea ya mvua, wakati nyasi ni mbichi. Alifurahi.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nilimwambia na lile lingine: kiini cha njano peke yake si ushahidi, kwa sababu mahindi ya njano au unga wa maua kwenye chakula hufanya hivyo hivyo. Nikamwambia aje Mutuini Jumapili aone kuku wakiwa nje. Amenunua trei mbili na kusema atakuja na watoto. Sijui muuzaji mwingine angesema nini. Mimi nauza mlango uliofunguliwa, na mlango hauonekani ndani ya bakuli.

Njiani nimefanya hesabu ya leo. Mayai 104 kwa shilingi 20, yote yakiuzika, ni 2,080. Toa chakula 1,190, toa 500 za kijana, inabaki 390. Humo bado kuna boda, maranda na chanjo.

Saa kumi jioni

Maji, viota, wavu. Mvua imenyesha dakika 40 na kuku wamejibanza chini ya banda kama abiria kituoni. Hakuna la kusimulia.

Saa kumi na mbili na nusu jioni

Wamepanda wenyewe. Nahesabu kwa tochi, kijana anahesabu baada yangu. Mia moja hamsini na tisa. Tena. Mia moja hamsini na tisa.

Mmoja wa kahawia hayupo. Tulizunguka wavu wote, tukatafuta manyoya, hakuna. Ndipo kijana aliposimama kwenye ua wa kaiyaba, pale wiki hii vipande vyetu vinapopakana nao, akasema, “Mama, njoo polepole.”

Nililala kifudifudi kwenye matope. Ndani kabisa, chini ya miiba, jicho moja liliwaka kwenye tochi. Nilipoingiza mkono alivimba na kunguruma ile sauti ya kuku anayeatamia. Chini yake na pembeni yake, mayai yakiwa yamejaa shimo na mengine yameviringika majanini: 31. Kuku mmoja akipata pa kujificha na kutaga, wenzake huja nao kutaga hapo hapo. Nimefungua mlango alfajiri kila siku, nao wamekimbilia hapa kabla viota havijawakumbuka.

Na siafu, ambao asubuhi walipita mbali, sasa wako mita tatu kutoka kwake.

Nilimvuta. Miiba ya kaiyaba imenichana kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, naye amenidonoa kwa nguvu zake zote. Sina jogoo, kwa hiyo angelala juu ya mayai yasiyoangulika hadi siafu wamkute. Nimemweka kwenye kizimba cha sakafu ya waya, hewa impige tumboni siku tatu au nne hadi hamu ya kuatamia imtoke. Mayai yale siwezi kumuuzia mtu, sijui lipi ni la lini. Nitayachemsha yaende kwa nguruwe wa jirani.

Saa mbili usiku

Nimempigia mwenye agroveti. Nilimwambia kwamba chakula chake hakina kosa, mayai yalikuwa kwenye ua, na kwamba nilimkosea mbele ya watu, kwa hiyo kesho nitakuja kusema hivyo hivyo dukani. Alicheka kidogo, akauliza, “Kuku mwenyewe yuko salama?”

Kesho wa kahawia nao watangoja hadi saa tatu kabla sijawafungulia, angalau hadi tuzibe ule ua kwa waya. Daftarini nimeandika: mayai 104, na 31 chini ya kaiyaba. Kuku 160. Mkono nimeusafisha kwa maji ya chumvi. Nimeongeza jivu mara mbili ya asubuhi, na kengele ya simu nimeitega saa saba usiku, niende nikatazame siafu wameelekea wapi.