Kuvunja tuta la chumvi lililoachwa

Pemba hatuna mito mikubwa iliyozibwa kwa saruji, lakini tuna mahori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, yaliyokatwa kwa matuta ya udongo ili kutengeneza mabwawa ya chumvi. Chumvi imeachwa, tuta limebaki. Nyuma yake mikoko inakauka, na vifaranga vya samaki kama mwatiko na mkizi vinavyofuata maji kujaa vinaishia ukutani. Tuta kama hilo livunjwe. Lile linalokinga bonde la mpunga linalolimwa ni jambo jengine, liachwe.

Kabla ya jembe, pima. Chukua mpira wa maji wa mafundi, ule unaoona ndani, uujaze bila ya mapovu, ulinganishe sakafu ya bwawa na ardhi ya mikoko hai iliyo jirani. Sakafu ikiwa chini sana maji yatatuama. Mchu, aina moja ya mkoko, hupumua kwa vijiti vinavyochomoza topeni. Vikifunikwa siku zote, hata maji yakipwa, mti unakufa.

Kata pale hori la zamani lilipopita, na uchimbe mpaka usawa wa sakafu ya hori lenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaacha kizingiti, bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) linaingia, halafu maji hayatoki. Mlango mwembamba nao ni hatari, maana bamvua letu hupanda kiasi cha mita 4 na maji yakibanwa hula kingo. Udongo unaotoka usiurundike pembeni ukawa tuta jipya. Urudishe kwenye mtaro ulikochimbwa mwanzo tuta lilipojengwa.

Kazi ifanywe maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, na kwa awamu. Tope la mikoko lililokauka hutoa tindikali likikutana na hewa. Ukiona maji yana rangi ya kutu na mabaka ya manjano kwenye nyufa, usiyamwage horini kwa mkupuo, utaua samaki unaowataka. Kule Marekani mabwawa mawili ya mto Elwha yalibomolewa kidogo kidogo, kuanzia 2011 hadi 2014, ili mchanga na tope la miaka mingi visishuke pamoja.

Kupanda mikoko kusiwe haraka. Maji yakiingia na kutoka vizuri, mbegu huja zenyewe. Subiri msimu mmoja wa mbegu. Ikiwa miti mama iko mbali na hazifiki, ndipo upande, kila aina kwenye usawa inakoota jirani.