Arusha, kwenye foleni ya chai

Basi kutoka Tanga lilikula siku nzima. Nakumbuka baridi tu, iliyoanza kutuuma Usa River. Mtu wa pwani akija huku mwezi wa saba, sweta si anasa. Gesti ya karibu na stendi ilitoza zaidi kwa ajili ya maji ya moto, na maji ya moto hayakutoka.

Hotuba za ufunguzi wa kongamano la waandishi na wachapishaji nazipita. La kusimuliwa lilitokea kwenye foleni ya chai ya saa nne. Mhariri mmoja kutoka Dar es Salaam alikuwa ameshika sahani, na nyuma yake kijana wa Singida amekumbatia riwaya yake nzima, kurasa mia nne na ushee, imefungwa kwa waya wa steshenari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, mimi nimekuja na begi moja. Niambie nani anataka nini, na nini kinamzuia."

Kijana akaanzia kwa babu wa mhusika. Foleni ikasogea, mama akafika kwenye maandazi, babu bado hajaoa.

Wengi wangemkwepa. Yeye alimvuta pembeni akamweleza jinsi ya kumnadia mhariri riwaya, nasi wengine tukasogeza masikio. Kinywani, sentensi mbili: mhusika, anachotaka, kinachomzuia, atakachopoteza. Mkononi, muhtasari wa ukurasa mmoja, na mwisho wa hadithi utajwe waziwazi, kwa sababu mhariri anapima kama hadithi inafika inakokwenda. Kisha kurasa tatu za mwanzo: herufi za pointi 12, nafasi mbili kati ya mistari, jina na simu juu ya kila ukurasa. Urefu utajwe kwa maneno. Kurasa hudanganya, ukipunguza herufi nazo zinapungua. Mswada mzima hutumwa ukiombwa, ndani ya wiki moja, na barua pepe ianze kwa kumkumbusha mlipokutana. Riwaya ambayo haijaisha isinadiwe kabisa: ukiombwa utatuma nini?

Mchana kijana alikimbilia steshenari, akakuta foleni ya wanachuo na umeme umekatika. Saa tisa akarudi na karatasi nne. Mama akazikunja, akatia kwenye pochi. Hakuahidi kitu.

Ukumbi mkubwa ulijaa watu wa kupiga picha na waandishi maarufu. Mwandishi mpya atafaidi zaidi chumba kidogo cha mikataba. Pale swali ni moja: mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, unahesabiwa juu ya nini? Kitabu cha shilingi 15,000, duka likipewa punguzo la asilimia 40, mchapishaji anapokea 9,000. Asilimia 10 ya bei ya jalada ni 1,500. Asilimia 10 ya kinachopokelewa ni 900. Maneno mawili kwenye mkataba, shilingi 600 kila nakala. Anayekutaka ulipie uchapaji, huyo anakuuzia huduma. Mpime kama unavyompima fundi.

Kwenye meza za vitabu, fungua ukurasa wa nyuma ya ule wa jina la kitabu, uangalie mwaka na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu. Nyumba ya uchapishaji ambayo meza yake yote ni vitabu vya kiada, riwaya yako itakuwa mgeni kwao. Anayejichapishia huomba ISBN Bodi ya Huduma za Maktaba.

Chai ya ziada pale hotelini ilikuwa 5,000. Ng'ambo ya barabara, kwa mama ntilie, 500 na maziwa juu.

Niliuliza jopo nani anafikisha riwaya Tanga, ambako duka la vitabu limejaa madaftari na kiada. Jibu: mwandishi mwenyewe, kwa basi. Kwa hiyo stendini nikamuuliza konda nauli ya boksi la vitabu. Elfu kumi. Kwa mrabaha wa 900, nakala kumi na mbili zimeshaliwa kabla hatujafika Boma Ng'ombe.