Enduro mpya kwenye mchanga wa Hombolo

Nchini Uswidi, ninakoishi, mtu yeyote anaruhusiwa kuingia msituni kwa miguu, kuchuma uyoga na matunda ya porini, na hata kupiga hema kwa usiku mmoja bila kumwomba ruhusa mwenye ardhi, ilimradi asiharibu kitu wala asisogelee nyumba ya mtu. Ni haki ya tangu zamani na wenyeji wanaithamini sana. Hata hivyo, haki hiyo inakoma pale injini inapowashwa. Sheria ya mwaka 1975 inakataza kuendesha chombo cha moto kwa kujifurahisha nje ya barabara iwapo ardhi haijafunikwa na theluji, na anayekiuka anaweza kutozwa faini. Kwa hiyo mpenzi wa pikipiki za enduro, yaani zile ndefu zilizoundwa kwa njia mbaya za porini, kule hujiunga na klabu, hulipa ada, kisha huzunguka kwenye njia iliyotengwa, akipita kila mara kwenye mizizi ile ile na mawe yale yale.

Ninayasema haya nikiwa mkazi wa Jönköping, manispaa ambayo ndani yake umo mji wa Huskvarna, kulikozaliwa pikipiki za Husqvarna. Kiwanda hicho kilianza kwa kutengeneza bunduki mwaka 1689, kikaingia kwenye pikipiki mwaka 1903, na ingawa pikipiki hizo hazitengenezwi tena pale, makumbusho ya kiwanda bado yapo na nimeyatembelea mara nyingi. Unaposimama mbele ya mashine za zamani zilizoshindana katika misitu ya Uswidi, unaona wazi kwamba mambo makuu hayajabadilika: gurudumu la mbele kubwa, mpini mpana, bati la matope lililoinuliwa juu, na injini iliyowekwa mbali na ardhi. Mashindano ya siku sita, ambayo ndiyo chimbuko la mchezo wenyewe, yalianza Uingereza mwaka 1913 kwa lengo la kupima kama mashine na mwendeshaji wake wanaweza kustahimili njia mbaya kwa siku nyingi mfululizo. Nilipokuwa nikisoma maelezo hayo ukutani, akili yangu ilikuwa Dodoma, kwa sababu njia mbaya za siku nyingi mfululizo ndizo nilizokulia.

Likizo iliyopita nilipata nafasi niliyoingoja kwa muda mrefu. Mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kukagua visima vya maji vijijini, alikuwa amenunua Honda CRF300L mpya, na plastiki zake nyekundu zilikuwa bado hazijapata mkwaruzo hata mmoja. Wanaoshindana watasema kwamba hiyo si enduro kamili, nami sibishani nao, kwa kuwa mashine za mashindano ni nyepesi zaidi kwa kilo 30 hivi, na matengenezo yake huhesabiwa kwa saa za injini badala ya kilomita. Lakini mtu anayetoka Dodoma mjini kwenda Itiso, akakague kisima na kurudi jioni, hawezi kuwa na pikipiki inayodai oili mpya kila baada ya safari chache. Kwa mazingira yetu, mashine iliyo katikati, yenye taa, namba, na injini inayovumilia, ndiyo yenye maana, na ningeichagua hata kama ningepewa ile nyingine bure.

Jambo la kwanza linalomshtua mtu ni urefu wa kiti. Kiko sentimita 88 kutoka chini, na aliyezoea Boksa, ambayo unaikalia nyayo zote mbili zikiwa zimetua ardhini, atajikuta akisimama kwa vidole. Ukishakaa, shokapu zinashuka kidogo na mguu mmoja unafika vizuri, kwa hiyo unajifunza haraka kuegemea upande mmoja unaposimama. Klachi yake ni nyepesi mno. Vidole viwili vinatosha, na baada ya nusu siku njiani mkono wangu wa kushoto haukuwa umechoka kabisa. Injini ni ya cc 286, ya pistoni moja, inayopozwa kwa maji, na nguvu zake za farasi 27 zinaweza kuonekana chache kwa mtu anayesoma karatasi tu. Kwenye njia ya vumbi na kokoto, nguvu hizo zinatosha na kubaki, na uzuri wake ni kwamba zinakuja taratibu bila kulishtua gurudumu la nyuma.

Tulitoka mjini asubuhi, mdogo wangu akiwa kwenye pikipiki yake ya zamani aina ya Yamaha AG, ile ambayo mabwana shamba na wafanyakazi wa miradi wameitumia nchi nzima. Julai ni mwezi wa baridi na upepo Dodoma, na barabara ya lami kuelekea Ihumwa, yenye malori yaendayo Dar es Salaam, haikuwa na la kunifunza zaidi ya kwamba pikipiki ndefu na nyepesi husukumwa na upepo wa ubavuni. Tulipoingia njia ya Hombolo ndipo safari ilipoanza kweli. Kuna vipande ambavyo magari yameichonga barabara ikawa na vijituta vidogo vilivyojipanga mfululizo, na mtu wa Boksa hupunguza mwendo hadi karibu na wa kutembea, au huhamia pembeni kabisa kwenye kijinjia cha baiskeli. Nilisimama juu ya vikanyagio, nikakunja magoti kidogo, nikaiacha mashine icheze chini yangu. Magurudumu yalikuwa yakipanda na kushuka kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata, ilhali mpini mikononi mwangu ulitetemeka kidogo tu. Shokapu za mbele za pikipiki hii zina nafasi ya kushuka sentimita 26, na hapo ndipo nilipoelewa kazi ya kila sentimita.

Kisha ukaja mchanga. Wanaoijua Dodoma wanaijua mito yake, ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, mweupe na laini, wenye nyayo za ng'ombe na mashimo yaliyochimbwa na akina mama wanaotafuta maji. Kuvuka kwake kwa pikipiki ya kawaida ni kushuka na kusukuma. Tairi la mbele la inchi 17 linazama, linageuka, na pikipiki inalala. Gurudumu la mbele la enduro ni la inchi 21, na kwa kuwa duara lake ni kubwa, linagusana na kizuizi kwa pembe iliyolala zaidi, hivyo linapanda juu yake badala ya kujigonga na kusimama. Mdogo wangu alisimama kwenye ukingo, akapunguza upepo kwenye tairi zangu, akaniambia, "Kaka, usiangalie tairi. Angalia pale ng'ambo unapotaka kutokea, rudisha uzito nyuma, na usiachie mafuta hata ikicheza."

Na ilicheza kweli. Mita chache za mwanzo mpini ulikwenda kushoto na kulia kana kwamba mtu mwingine ameushika pamoja nami, na kila kiungo mwilini kilinitaka nifunge mafuta. Niliongeza. Gurudumu la mbele likawa jepesi, likapanda juu ya mchanga, na mtikisiko ukapungua kadiri mwendo ulivyoongezeka, hadi nikatokea ng'ambo ya pili ambako watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walikuwa wakishangilia. Nchini Uswidi, kabla ya kupewa leseni ya pikipiki, sheria inamtaka kila mtu apitie mafunzo ya kutambua na kuepuka hatari za barabarani, na nilinufaika nayo sana. Lakini hakuna mwalimu wa kule aliyewahi kunifundisha mchanga mkavu wa mto, nao waendesha bodaboda wetu wanaufahamu kwa miili yao bila cheti chochote.

Baada ya hapo tuliacha barabara na kufuata njia ya ng'ombe iliyokata korongo. Ukingo wake ulikuwa na urefu wa mtu mzima, udongo mwekundu uliochanganyika na kokoto. Kabla ya kushuka nilibonyeza kitufe kinachozima ABS ya gurudumu la nyuma, na hili ni jambo ambalo ningependa kila anayenunua pikipiki ya aina hii alifahamu. Kwenye lami, ABS inazuia gurudumu lisijifunge na kuteleza, na ni kinga kubwa. Kwenye mteremko wa kokoto, mfumo huo huo unaweza kuendelea kulegeza breki pale unapohitaji gurudumu la nyuma lijifunge na kujichimbia kidogo ili likupunguzie mwendo. Ya mbele inabaki kazini wakati wote, na ni vyema iwe hivyo. Nilishuka kwa gia ya kwanza, nikiwa nimesogeza mwili nyuma, kidole kimoja kwenye breki ya mbele, na mashine ikashuka kwa utulivu ambao sikuutarajia.

Bati la matope la mbele, lililowekwa juu kabisa mbali na tairi, halikupata kazi siku hiyo kwa kuwa kiangazi kilikuwa kimekolea. Mdogo wangu alinieleza umuhimu wake. Masika yakishika, udongo mweusi wa mbugani hunasa kwenye tairi, hujaa chini ya bati la Boksa, na gurudumu hukataa kuzunguka, kiasi kwamba madereva wengi hutembea na kijiti cha kuchokonolea au hulifungua bati na kuliacha nyumbani. Kwenye enduro kuna nafasi ya kutosha kwa tope kupita na kurushwa.

Karibu na bwawa la Hombolo, lililojengwa miaka ya 1950, tulisimama kwenye shamba la zabibu kuomba kivuli. Mzee mwenye shamba aliizunguka pikipiki, akaibonyeza kiti, akauliza, "Mwanangu, hiki kinabeba magunia mangapi?" Nilimjibu kwa heshima kwamba hakibebi gunia, kwamba kazi yake ni kumfikisha mtu mmoja mahali pagumu. Aliitikia kwa kichwa, lakini swali lake lilikuwa la haki na limebaki nami. Boksa inabeba mkaa, ndoo za maji, mgonjwa, na mshikaki wa watu watatu siku ya mnada. Inauzwa kwa bei ambayo kijana anaweza kuilipa kidogo kidogo, na fundi wake yupo chini ya kila mti. Enduro haiwezi kuchukua nafasi hiyo, wala haipaswi kupimwa kwa kipimo hicho. Anayeihitaji ni mhudumu wa afya anayesubiriwa ng'ambo ya korongo, bwana mifugo mwenye sanduku la chanjo, na mkaguzi wa visima kama mdogo wangu, watu ambao wakichelewa, wengi wanaumia.

Kuna jambo moja ninaloliwaza nikiilinganisha ardhi yetu na sheria ile ya Uswidi. Shabaha yake ni kuzuia magurudumu yasikwangue udongo na mimea, na sisi watu wa Dodoma tunajua udongo ukikwanguliwa unakuwa nini. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu ya mmomonyoko, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika eneo lililoharibika la Kondoa, hatua iliyowagharimu wafugaji mno. Mfereji mdogo unaochimbwa na tairi kwenye mteremko hufuatwa na maji ya mvua ya kwanza, na miaka michache baadaye ni korongo. Kwa hiyo siku ile yote tulipita kwenye njia ambazo ng'ombe na watu wamekwisha kuzikanyaga, na tulipokuta shamba limelimwa katikati ya njia tulizunguka, hata pale ambapo mashine ingelivuka bila shida. Sitamani Dodoma ipate marufuku kama ya Uswidi, na ndiyo sababu ninaona vibaya kuchonga njia mpya kwa ajili ya kufurahia tu.

Kwa atakayefikiria kununua, tangi ni la lita 7.8. Ukiendesha kwa utulivu unaweza kutarajia kilomita 30 hivi kwa lita, lakini mchanga unakula mafuta, na vijijini petroli huuzwa kwenye chupa ambazo hujui zimechanganywa na nini. Ni bora kubeba lita chache za akiba. Vumbi letu ni jembamba kama unga, hivyo chujio la hewa liangaliwe mara nyingi kuliko kitabu kinavyoagiza, na cheni pia. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni mpira wa ndani wa tairi la mbele. Nilizunguka maduka ya vipuri ya mjini, na ya inchi 17 na 18 nilizikuta kila mahali, lakini ya inchi 21 nilipata moja tu, iliyokuwa imekaa rafuni hadi imeanza kupasuka kwenye mikunjo. Niliporudi Jönköping nilinunua mipira minne minene, ile inayotumiwa na vijana wa klabu yetu, pamoja na waya wa klachi na vishikio viwili vya breki, na vyote vimekwisha kufungwa kwenye sanduku la jamaa anayesafiri kwenda nyumbani mwezi ujao.