Antonio Maceo, jenerali aliyekataa amani isiyo na uhuru

Hapa Zanzibar, Kuba ikitajwa barazani, mazungumzo huelekea kwa Fidel Castro na Che Guevara, wala hilo halishangazi, kwa kuwa wapo vijana wa visiwa hivi waliopata mafunzo Kuba kabla ya Mapinduzi ya 1964, na madaktari wa Kikuba wamewatibu wagonjwa wetu kwa miaka mingi. Mimi, hata hivyo, kila nisomapo historia ya nchi ile, moyo wangu humwendea mtu aliyeuawa karibu miaka 30 kabla ya Castro kuzaliwa: Jenerali Antonio Maceo.

Maceo alizaliwa mwaka 1845 mashariki ya Kuba, katika familia ya watu huru wenye asili ya Kiafrika, wakati mashamba ya miwa yakiendeshwa kwa jasho la watumwa. Tarehe 10 Oktoba 1868, Carlos Manuel de Céspedes, mwenye shamba la La Demajagua, aliwaachia huru watumwa wake na kuanzisha vita dhidi ya Uhispania. Maceo akaingia vitani akiwa askari wa kawaida, akapanda hadi kuwa jenerali, huku mama yake, Mariana Grajales, akiwauguza majeruhi na kuwapoteza wanawe vitani. Ndani ya jeshi lake mwenyewe walikuwamo waliomsingizia kuwa anataka kuwatawaza weusi juu ya weupe, na mwaka 1876 alimwandikia Tomás Estrada Palma, rais wa serikali ya wapigania uhuru, kulipinga jambo hilo waziwazi.

Februari 1878 viongozi wengi walichoka, wakakubali Mapatano ya Zanjón ya kumaliza vita na Uhispania. Mapatano hayo yaliwapa uhuru watumwa waliokuwa wamepigana tu, wengine wakaachwa mashambani, na Kuba ikabaki koloni. Tarehe 15 Machi, huko Baraguá, Maceo alikutana na Jenerali Martínez Campos wa Uhispania akamwambia kwamba hawataelewana. Hakuwa na nguvu za kuendelea kwa muda mrefu, na baada ya wiki chache alilazimika kuondoka nchini. Kwangu mimi, kukataa kule ndiko kunakompa ukubwa wake. Utumwa ulifutwa Kuba mwaka 1886, na huku kwetu, kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, sheria iliacha kuutambua mwaka 1897 tu.

José Martí, mwandishi na kiongozi wa wapigania uhuru, alipoiamsha vita upya mwaka 1895, Maceo alirejea, na kutoka Baraguá ileile aliongoza jeshi hadi Mantua, magharibi kabisa ya kisiwa, akafika Januari 1896. Martí alikwishauawa Mei 1895, na Maceo naye aliuawa tarehe 7 Desemba 1896, pamoja na mtoto wa kiume wa jenerali mwenzake, Máximo Gómez. Uhispania ilishindwa mwaka 1898 baada ya Marekani kuingia vitani, na mkataba wa amani ukatiwa saini Paris bila Mkuba hata mmoja kuitwa mezani.