Vijiti viwili vya Donostia

Mimi ni mtu wa Kisumu na baiskeli naijua toka niko darasa la nne, ile Black Mamba ya babu ambayo ilibidi nipitishe mguu chini ya chuma cha katikati juu kiti sikifikii. Kwa hivyo dadangu mdogo, anasoma Bilbao, aliponiambia tupande basi twende Donostia tukodi baiskeli siku nzima, nikamwambia wee, hapo umenipata.

Donostia ndio ile San Sebastián ya kwenye ramani, kaskazini ya Uhispania, si mbali na mpaka wa Ufaransa. Wenyewe ni Wabaski na lugha yao haina ndugu duniani, si Kihispania si Kifaransa, na ukiona tx soma ch. Dadangu alinifunza kitu kimoja kwa basi nikashindwa kunyamaza: nyumba wanaita etxe, na wakitaka kusema nyumbani wanaongeza mkia inakuwa etxean. Nyumba, nyumbani! Lugha haina ukoo na mtu yeyote na bado imekuja na akili sawa na yetu.

Haya, baiskeli. Njia zao za baiskeli zinaitwa bidegorri, yaani njia nyekundu, na ziko kila mahali, gari haikusukumi, matatu haikupigii honi hadi roho itoke. Mimi nikatoka nayo mbio nimeshika kushoto kama niko barabara ya Kakamega, nyanya mmoja akanijia uso kwa uso na baiskeli yake ya kikapu, akapiga kengele, akasema maneno ambayo hayakuhitaji tafsiri. Huko ni kulia. Nilikosea mara tatu kabla ya saa sita na dadangu akaanza kuendesha mbele yangu ati nimfuate tu kama mtoto.

Tulianzia upande wa Zurriola, ufuo wa watu wa kuteleza na mbao kwa mawimbi, tukavuka mto Urumea, halafu ghuba ya La Concha ikajikunja mbele yetu na kisiwa kidogo cha Santa Clara katikati. Ukienda mpaka mwisho kabisa unafika kwa vyuma vitatu vya mchongaji Eduardo Chillida, vimeshikilia mwamba tangu 1977, vina rangi ya kutu. Hapo chini sakafuni kuna mashimo, wimbi likigonga chini hewa inatoka kwa nguvu, mimi sikuambiwa. Sketi ilipanda hadi mabegani na watalii wakapiga makofi. Kurudi tulipitia handaki la Morlans, zamani lilikuwa la treni, sasa ni zaidi ya mita 800 za baiskeli na waenda kwa miguu, baridi nzuri, taa njia yote. Nikaanza kuimba nisikie mwangwi.

Sasa njaa ilikuwa ya kweli. Tukafunga baiskeli nje ya mji wa kale, juu vichochoro vyenyewe watu wamejaa, tukaingia kwa miguu mpaka mtaa wa 31 de Agosto. Jina ni la ile siku ya 1813 wanajeshi wa Waingereza na Wareno walipowatoa Wafaransa kisha mji ukateketea, na mtaa huu ndio uliobaki umesimama karibu wote. Leo ni baa baada ya baa, na kila kaunta imepangwa sahani za pintxo, vitu vidogo vya kuumwa mara mbili, vingi vimechomwa kijiti.

Ya kwanza nilikula gilda. Kijiti kimoja: zeituni, pilipili ya kijani ya siki, na samaki mdogo wa chumvi ambaye mimi nasema ni omena aliyeenda ng'ambo akanenepa. Unatia yote mdomoni mara moja. Siki inapiga kwanza, chumvi inafuata, halafu mafuta yanakuja polepole kutuliza kesi. Nikaitisha ingine kabla sijameza. Bei, aki, euro mbili na kitu, nikageuza kwa shilingi nikaacha kugeuza.

Dadangu akaniambia usishibe hapa. Kumbe desturi ni unakula moja au mbili, unakunywa kitu kidogo, unahama, baa hii ni ya uyoga, ile ni ya kamba, na hakuna anayekaa. Sisi ukiingia Dunga pale ufuoni Kisumu ukiletewa samaki ngege mzima na ugali si umeota mizizi mpaka jua lizame? Hapa nilikula nimesimama kwa baa tano, na kwa moja kijana wa kaunta aliinua chupa ya txakoli, divai nyeupe ya huko, juu ya kichwa akamimina bila kuangalia, povu likapanda, tone halikumwagika. Nilikunywa nusu. Baiskeli ilikuwa inangoja.

Kitu kilichonishangaza ni hesabu. Baa zingine wanaandika, lakini ile ya gilda tulijichukulia wenyewe, na mwisho mzee wa kaunta akaangalia vijiti kwa sahani yangu, akasema namba, akaniangalia usoni. Nikasema ndio, eskerrik asko, yaani asante, nikalipa, nikatoka nimejaa heshima.

Wiki mbili baadaye niko nyumbani Kisumu nafua ile jaketi, nikaingiza mkono mfukoni. Vijiti viwili. Nimempigia dadangu nikamwambia ukipita Donostia umlipe yule mzee, amecheka mpaka simu ikakatika, na bado hajaniambia kama ameenda.