Nadaiwa kugonga gari ambalo sikuligusa

Barua ya madai niliyoletewa na wanaomwakilisha mdai ilikuwa ya ukurasa mmoja, na ilinitaja kwa jina kamili, namba ya gari, rangi yake na mahali. Ilidai kwamba wakati narudi nyuma kutoka kwenye maegesho nililigonga gari jekundu la mteja wao ubavuni, nikashuka, nikatazama, kisha nikaondoka bila kuacha namba ya simu. Walitaka gharama za matengenezo, gharama za gari la kukodi kwa muda wote ambao la kwao lingekuwa gereji, na fidia ya maumivu ya shingo. Shingo ya mtu ambaye, kwa maelezo yao hayo hayo, hakuwa ndani ya gari.

Hapo kwenye shingo nilicheka. Kilichonikausha kicheko ni kwamba siku ile nilikuwepo pale kweli. Niliegesha, nikafanya shughuli zangu, nikatoka. Sikugonga kitu, sikusikia kitu, sikushuka kutazama kitu. Lakini nilikuwepo, na bila shaka ndipo namba yangu ilipochukuliwa.

Shemeji yangu, ambaye ana ushauri wa kila jambo, aliniambia, "Shemeji, wewe sema hukwenda huko. Watathibitisha vipi?" Nikamwambia watathibitisha kirahisi sana, kwa tiketi ya maegesho au kwa mtu yeyote aliyeniona, na nikishakamatwa na uongo mmoja mdogo, ukweli wangu wote utakaofuata utanuka. Kwa hiyo nilipoipigia kampuni yangu ya bima siku ile ile, sentensi ya kwanza ilikuwa: ndiyo, nilikuwa pale, na hapana, sikuligusa gari lolote. Kisha nikayaandika hayo na kuwatumia pamoja na nakala ya barua. Hata kama huna kosa, bima waambie mapema. Mikataba mingi ya bima inakutaka utoe taarifa haraka, na ukichelewa unawapa bima wako sababu ya kukuacha peke yako uwanjani.

Kabla ya kulala nilipiga picha. Si picha za kujiliwaza, picha za kazi: gari zima kutoka kila upande, kisha bampa ya nyuma kwa karibu, huku mkanda wa kupimia umesimamishwa kutoka ardhini na namba zinasomeka. Sehemu inayochomoza zaidi kwenye bampa yangu iko sentimita 51 kutoka chini. Kona ya kulia ina mkwaruzo wa zamani wa ukuta, na huo nao niliupiga. Jirani alishauri niupeleke kwa fundi rangi upotee kabla mkaguzi hajaja. Huo ni ushauri wa kukupeleka pabaya. Gari likitengenezwa baada ya barua ya madai, hakuna atakayeamini ulikuwa unaondoa alama ya ukuta. Bahati nzuri, picha za ukaguzi zilizopigwa nilipokata bima zilikuwa zinauonyesha mkwaruzo ule ule, wakati huo hata hilo gari jekundu sijawahi kuliona.

Nilikwenda pia kuulizia kamera za maegesho. Mashine nyingi za kurekodi zikijaa hufuta picha za zamani na kuandika juu yake, kwa hiyo picha zikishafutika, zimekwenda. Barua ilinifikia wakati za siku ile zimeshafutwa. Sidhani kwamba huko kuchelewa kulikuwa kwa bahati mbaya.

Halafu simu ikaita. Sauti ya mwanamume, mpole kabisa.

"Kaka, habari za siku? Mimi ndiye mwenye lile gari jekundu. Nilifikiri tumalizane wenyewe tu, bima wana mizunguko mingi."

"Nzuri. Namba ya kitengo cha madai cha bima yangu ninayo hapa, nikutajie?"

"Si lazima tufike huko, kaka. Kitu kidogo tu, yaishe."

Nikamtajia namba, nikamtakia siku njema, nikakata. Nikaandika saa aliyopiga na maneno yake kama yalivyo. Ukilipa hicho "kitu kidogo" unaweza kuhesabiwa umeshakiri, na mikataba mingi ya bima hukukataza kukiri au kumlipa mtu bila wao kuridhia. Isitoshe, hakuna kinachomzuia kuchukua chako kisha akaendelea na madai.

Nilichokuwa sikitegemei ni kwamba mvutano mkubwa ungekuwa na upande wangu mwenyewe. Binti wa kitengo cha madai alikuwa mstaarabu, akanieleza bila kuzunguka kwamba madai yakiwa madogo wakati mwingine wanalipa tu ili faili lifungwe, kwa sababu mkaguzi na wakili wanaweza kugharimu kuliko dai lenyewe. Nilimwelewa. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila ilikuwa hesabu ya kampuni. Wakishalipa, kwenye kumbukumbu zangu inabaki kwamba niligonga, punguzo langu la kutokuwa na madai linakatwa, na ada inapanda. Na mkataba kwa kawaida unawapa wao haki ya kuamua, nipende nisipende. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba kulipa kunakuwa jambo gumu kulitetea mbele ya mkubwa wao. Nikaomba kwa maandishi mambo mawili: wanitumie picha walizoletewa na mdai, na wasilipe chochote kabla gari lake halijakaguliwa na mtu wao.

Picha zilikuja tatu. Nilikaa nazo usiku kucha, na hapa ndipo niliporudi kuwa mtu mwenye furaha.

Ya kwanza ilipigwa kutoka ubavuni, gari zima. Maandishi ya tairi la nyuma yalisomeka nilipoikuza: 195/65 R15. Tairi la namba hiyo lina kipenyo cha kama sentimita 63. Yaani mle mle ndani ya picha yao kulikuwa na rula. Mlango ulikuwa umechubuka kwa mstari mrefu karibu na kitasa, juu kabisa ya kilele cha tairi. Bampa yangu inayotangulia inaporudi nyuma ingegonga chini ya kilele hicho, na huko chini mlango wao ulikuwa safi, unang'aa. Gari langu lingelazimika kuruka.

Ya pili ilikuwa ya karibu. Mtu akirudi nyuma na kugonga mlango anaubonyeza kwa ndani. Hapa hapakuwa na kubonyea kokote, ila mkwaruzo uliovutwa kutoka mbele kwenda nyuma, kama wa gari lililopita likijisugua kwenye kitu kilichosimama. Na ndani ya mkwaruzo, palipofika kwenye bati, palikuwa na kutu ya kahawia. Barua ilisema picha zilipigwa dakika chache baada ya ajali. Bati lililochubuka sasa hivi linang'aa jeupe, halijapata muda wa kushika kutu.

Ya tatu ilikuwa namba ya gari langu. Hiyo tu. Nyuma ya gari langu, limeegeshwa, zima.

Niliyapanga haya kwenye kurasa mbili, picha yao kushoto na kipimo changu kulia, bila neno "tapeli" hata mara moja ingawa mkono uliwasha. Nikaongeza ombi moja: watoe mafaili halisi ya picha kutoka kwenye simu iliyopiga, yale yenye tarehe na saa ndani yake, kwa sababu picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida taarifa hizo huondolewa. Mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai, basi athibitishe.

Bima wakamwandikia mdai alete gari likaguliwe. Akasema limeshatengenezwa. Wakaomba risiti ya gereji na mafaili halisi. Kimya. Hata shingo ikapona kimyakimya. Angekwenda mahakamani, ningempelekea wakili wa bima hati ya wito siku hiyo hiyo, maana wito usiojibiwa ndani ya muda unaweza kukuletea hukumu hata kama dai ni la kubuni.

Faili lilifungwa bila malipo, nikaarifiwa kwa simu. Simu haikunitosha, nikaomba barua. Ikaja, na wakati wa kukata bima upya nikaelewa kwa nini niliisumbukia: kwenye kumbukumbu zangu palikuwa na "dai moja", na ada ilikuwa imeshapandishwa. Nikawatumia barua yao wenyewe. Wameirudisha ada ilipokuwa, na punguzo langu nimeomba wanithibitishie kwa maandishi pia.