Kona Ileile, Kesho Tena

Jana usiku nilikesha mbele ya kompyuta nikipekua picha nilizorudi nazo kutoka likizo. Siku 9 za safari zilikuwa zimeijaza kadi ya kumbukumbu picha 1,312, na ilipofika saa saba ya usiku nilikuwa nimebakiwa na 14 tu ambazo nisingeona haya kumwonyesha mtu. Nyingi kati ya zile nilizofuta hazikuwa na kasoro ya kiufundi: madaraja yamenyooka, minara imesimama wima, machweo yana rangi zake zote, yamepigwa kutoka kwenye kilima ambako kila aliyepanda alikuwa ameelekeza simu upande uleule. Nilipozitazama moja baada ya nyingine nikatambua kwamba nilichokuwa nikikusanya ni ushahidi kwamba na mimi nilifika.

Iliyonisimamisha ni picha moja ambayo hata sikukumbuka kuipiga. Mwanamume wa makamo amesimama chini ya paa la kituo cha basi, suruali ameikunja hadi magotini, viatu vyake amevishika mkono mmoja na soksi zilizolowa mkono wa pili, naye anayatazama maji yanayotiririka barabarani kama mtu anayepiga hesabu ngumu. Nyuma yake kioo kimeingia ukungu na kuna alama ya kiganja cha mtoto. Siku hiyo mvua ilikuwa imetuzuia, basi lilichelewa kwa dakika 40, na mimi nilikuwa nimenuna kwa sababu niliona nusu siku ya likizo imepotea. Niliipata picha nzuri kuliko zote za safari nzima katika muda pekee ambao nililazimika kutulia mahali pamoja.

Jambo hili la kutulia limenirudisha kwenye picha ya kale ninayoipenda, ile ambayo Louis Daguerre, Mfaransa aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa upigaji picha, aliipiga mwaka 1838 akiwa dirishani, juu ya barabara yenye shughuli nyingi jijini Paris. Bamba la kunasia picha la wakati ule lilihitaji dakika kadhaa za mwanga, kwa hiyo farasi, magari ya kukokotwa na wapita njia wote walitoweka, na barabara ikaonekana kama imehamwa. Alibaki mtu mmoja kwenye kona ambaye, kwa kadiri inavyoonekana, alikuwa akisafishiwa viatu, kwa kuwa alisimama muda wa kutosha kuacha umbo lake. Kamera yangu hufungua na kufunga shata, kile kilango kinachopitisha mwanga, kwa 1/250 ya sekunde na humkamata hata anayekimbia, lakini likizoni anayetoweka ni mimi mpiga picha, maana nimekwishaondoka kabla mtaa haujanizoea.

Nyumbani hali ni tofauti, ingawa ilinichukua miaka kuikubali, kwa sababu nilikuwa nikiamini kwamba mtaa ninaoupita kila siku hauna picha ndani yake. Ipo kona yenye ngazi na ukuta mpana ambako jua la asubuhi huingia kwa dakika kama 20, likipenya kati ya majengo mawili. Nimekwisha kujua kwamba nikipunguza mwangaza wa kamera kwa hatua moja ukuta hubaki na rangi yake na wapitao hugeuka vivuli vyeusi vyenye ukingo wa dhahabu. Kwamba nikipunguza tundu la lenzi hadi f/8 na kuilenga lenzi mita 3 mbele sina haja ya kuhangaika na fokasi, yaani ukali wa picha, tena. Na kwamba mwezi ujao mwanga huo utakuwa umehamia ngazi ya tatu. Hakuna kitabu cha watalii ambacho kingenifundisha hayo. Mpiga picha Saul Leiter alipiga picha zake nyingi za rangi jijini New York katika mitaa michache iliyo karibu na nyumba yake, akifanya hivyo kwa miongo mingi, akitazama kupitia vioo vyenye mvuke na miavuli ya watu, na sidhani kwamba alikosa pa kwenda.

Lipo pia suala la watu wenyewe, na hapa ndipo dhamiri yangu inaponisuta zaidi. Likizoni nimewahi kumpiga mtu picha na kugeuka upesi nikajifanya natazama paa, nikijua kwamba hatutaonana tena. Sheria zenyewe hazifanani: Hungary, kwa mfano, tangu mwaka 2014 sheria inataka ridhaa ya mtu hata kabla ya kumpiga picha, si kabla ya kuichapisha tu, hivyo msafiri anapaswa kuuliza kabla hajafungua begi. Lakini hata pale ambapo sheria inaniruhusu, ule wepesi wa mgeni wa kuchukua na kutokomea haunipi raha. Kwenye kona yangu siuwezi. Mwaka jana mama mmoja alinitikisia kichwa nilipoinua kamera. Nilimwendea, nikamwonyesha kioo cha kamera, nikaifuta picha mbele ya macho yake, na tangu hapo tunasalimiana, ingawa sijawahi kumpiga nyingine.

Vivian Maier, yaya aliyefanya kazi Chicago kwa miaka mingi, aliacha negativu, yaani filamu za kusafishia picha, zaidi ya 100,000 zilizoanza kujulikana baada ya masanduku yake kuuzwa mnadani mwaka 2007, miaka miwili kabla ya kifo chake. Mara nyingi alitumia kamera ya Rolleiflex, inayoshikwa usawa wa tumbo na kutazamwa kutoka juu, kwa hiyo hakuhitaji kuuficha uso wake nyuma ya mashine. Mwaka 1959 aliizunguka dunia peke yake, akapiga picha Asia na Misri, na nyingine ni nzuri sana. Hata hivyo mimi huvutwa zaidi na zile za njia za miguu alikopita na watoto aliowalea, siku za kazi za kawaida.

Leo asubuhi, nikiwa na usingizi machoni, nimekwenda konani saa moja kasoro. Wingu lilikuwa limetanda, ukuta ukawa wa kijivu kutoka juu hadi chini, nami nikasimama robo saa bila kubonyeza chochote. Mzee mwenye baiskeli, ambaye kivuli chake ninacho katika picha zisizopungua kumi, akapunguza mwendo na kuniuliza, “Jua limekunyima leo?” Nikamjibu kwamba limeninyima, mzee wangu. Akacheka, akapiga kengele mara mbili, akakata kona. Nikafunika lenzi na kwenda kazini.